Tarikhi ya Kibano na Gugu Lililogoma Kuota

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja akae mbele. Wekeni chini vikombe, nyamazisheni simu, mwambieni jirani aache kupigilia misumari, maana leo nafungua kinywa kusimulia vita vikuu ambavyo havikupigiwa baragumu wala kutangazwa redioni: vita vilivyopiganwa juu ya meza ya mbao, ndani ya banda la wavu, nyuma ya stoo ya kituo cha utafiti, kati ya mwanamke mmoja mwenye koti jeupe na mmea usiozidi urefu wa kidole. Mimi nilikuwapo. Meza ile nilikuwa nikiitamani kwa ajili ya choroko zangu, kwa hiyo niliiangalia kuliko wote, na anayebisha na alete shahidi wake.

Shujaa wetu tulimwita Kibano. Kibano mpasua vikonyo, Kibano mfungua maua kabla ya jua, mshenga wa kunde aliyekwisha kuozesha maelfu bila kualikwa karamu hata moja! Kazi yake ilikuwa kuchukua chavua ya kunde hii na kuipaka kwenye ua la kunde ile kwa kibano chembamba kuliko ulimi wa kinyonga, akitafuta kizazi ambacho hakitashindwa na adui. Alikuwa mama wa watu wazima, mwenye mvi mbili tatu alizozitaja kwa fahari, na sauti ya kuita watu shambani hata akiwa ofisini.

Na adui? Adui ni gugu chawi. Magugu mengine huja hadharani yakagombea jua na maji, ukayaona, mkakabiliana. Hili huanza na mbegu laini kama ugoro, likajificha udongoni likingoja mzizi wa kunde upite karibu, likaukamata, likanyonya. Mwenye shamba ataona kunde zinanyauka ilhali mvua imenyesha. Atailaumu mbolea, atamlaumu jirani, atamlaumu mkwe. Siku gugu linapochomoza juu na kuchanua viua vyake, ujue chakula kimeshaliwa na mgeni ametoka nje kujipangusa mdomo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila wao hawakupanda kunde.

Shamba lililoumizwa kuliko yote ninayoyajua lilikuwa la mama yake Kibano. Bibi yule alikuwa amelima pale tangu ujana, akalea watoto wake kwa kunde za pale, na msimu baada ya msimu aliliona gugu likimla bila kumwacha hata apumue. Mwaka ule alivuna kiasi cha kuficha sakafu ya sufuria tu. Lakini pembeni, karibu na mfereji, shina moja lilisimama kijani kibichi katikati ya maangamizi, limejaa maganda. Bibi hakuzipika kunde zile. Alizifunga kwenye kitambaa, akapanda gari, akaja kituoni, akaziweka mezani mbele ya binti yake.

“Mwanangu,” akanena, “wewe umesomea kunde mpaka umeota mvi kunishinda mimi. Hizi hapa. Kama kuna kitu ndani yake, niambie. Kama hakuna, niambie vilevile, nipande miti ya kuni pale nipumzike. Mimi sina nguvu tena ya kulima kwa ajili ya kulisha magugu.”

Kibano alizipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amejifunza kutembea kati ya mistari ya shamba lile, na hakuweza kuwazia miti ya kuni imesimama pale. Mbele yetu alicheka akasema, “Haya, Mama, tutaona.” Lakini aliogopa, nasema wazi, shujaa wetu aliogopa.

Basi akaenda kwa Mkuu wa Kituo kuomba ruhusa ya kuzijaribu. Mkuu alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutishia watu, na siku ile alivaa ya pili.

“Sikiliza, Kibano,” Mkuu akasema, akiinuka kana kwamba ukumbi umejaa, ingawa tulikuwa watatu na paka. “Tuseme umezipanda kunde za mama kwenye udongo wenye gugu, zikasimama safi. Mimi nitajuaje kama zimelishinda gugu, au gugu lenyewe halikuja kazini? Hakuna askari anayepewa nishani kwa vita ambavyo adui alilala. Utapanda kando yake kunde dhaifu, dhaifu kabisa. Na kwenye chungu cha hiyo dhaifu nataka nilione gugu, kwa macho yangu haya, limesimama juu ya udongo. Hata moja. Bila hilo moja, kazi yako yote ni bustani ya kupendeza, si utafiti.”

Hapo ndipo kioja kilipozaliwa, enyi wasikilizaji. Mwanamke aliyeapa kuliangamiza gugu chawi alitakiwa kwanza aliombe lije. Adui mpende, watu husema hivyo kwa midomo. Kibano alitakiwa amwagilie maji kabisa.

Akaitafuta kunde dhaifu, akaipata, akaipa jina Mnyonge. Nani asiyemkumbuka Mnyonge! Kunde iliyonyauka kwa kusikia habari ya gugu, achilia mbali kuguswa; kunde ambayo ukiikoholea inainama. Vyungu vya Mnyonge vikapangwa mezani kwa zamu na vyungu vya kunde za Mama, udongo mmoja, mbegu za gugu zilezile, na Kibano akangoja.

Jeshi la kwanza liliangamizwa na huruma. Kituoni tulikuwa na mtunza bustani tuliyemwita Fagio, kwa sababu alipopita yeye hapakubaki jani lisilo na kibali. Fagio alimwona Mnyonge akiwa amepauka, akasikitika, na kwa siri ya moyo mwema akawa anampa mbolea kila alipopita. Gugu chawi, kama mjuavyo au msivyojua, hupenda ardhi ya kimaskini. Ukishibisha udongo, linakataa kuja. Msimu ukaisha, Mnyonge akanenepa akapendeza, maganda yakaning'inia kila upande, na gugu halikuota hata la dawa.

“Nilimwonea huruma, dada,” Fagio akajitetea, kofia mkononi. “Kila siku nampita, ananiangalia. Mimi na moyo wangu huu ningefanyaje?”

Kibano akashusha pumzi. “Mzee, ulivyofanya ni wema. Wema wenyewe ndio umeniua.”

Mkuu akatoa hukumu: mara moja tena, basi. Ikishindikana, kunde za Mama zitarudishwa kwenye kitambaa chake, na meza itapewa mtu wa choroko. Mtu wa choroko ni mimi. Nilionyesha uso wa huzuni, nikaenda kuipima meza kwa kamba.

Vikaanza vita vya pili. Kibano akachukua udongo uliochoka, mchanga mtupu usiokuwa na neema yoyote, akauchanganya na mbegu za gugu, akaulowesha na kuuacha uvundike kwenye joto, kwa maana mbegu zile haziamki mpaka zibembelezwe. Kisha akapanda. Kila asubuhi alizunguka meza na keni ya maji, akimwagilia kwa kipimo cha mama anayempa mtoto dawa, na akifika kwa Mnyonge aliinama akaghani, nami nilimsikia kwa masikio haya:

*Gugu toka mchangani,*
*hodi huna, njoo ndani,*
*Mnyonge yu mikononi,*
*mnyonye mpaka basi!*

Fagio alikula kiapo mbele ya mlango wa banda. “Mimi,” akasema, akiinua mkono wa kuume, “nilizaliwa nikayakuta magugu, nikayang'oa. Nimeoa nikiyang'oa. Siku ya maziko yangu yakiota pale kaburini nitainuka niyang'oe kisha nirudi kulala. Lakini kwa ajili ya dada yangu huyu, humu ndani sitamwaga mbolea, na gugu likitoka sitaligusa. Nikiligusa, niitwe jina lingine.” Tangu siku hiyo akawa anapita pale ameziba pembeni ya macho kwa viganja, akajigonga kwenye pipa la maji, akaomba radhi kwa pipa.

Wiki zikapita. Mnyonge akaanza kunyauka hata bila kuonekana adui, majani yakajikunja, na Kibano akafurahi kama watu wanavyofurahi mvua. Kunde za Mama, chungu kwa chungu, zilikuwa kijani zimesimama wima. Lakini juu ya udongo, kimya. Mkuu akatangaza siku ya kuja kukagua. Kibano akaacha kula chakula cha mchana. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya meza, mashavu mikononi, akiuangalia udongo, na mimi niliyetaka meza nikajikuta, sijui kwa nini, namletea chai.

Hata asubuhi moja tukasikia ukelele. Tukakimbia, mimi, Fagio, na yule paka. Kibano alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu cha mwisho, na pale, kwenye udongo chini ya shina la Mnyonge, palikuwa pametokeza kitu cha kijani kisichozidi punje ya mchele.

“Limekuja!” akalia. “Jamani, mgeni wangu kafika!”

Akacheza. Mimi pia nilicheza kidogo, kwa kuwa muziki hauchagui, na Fagio akacheza akiwa ameziba macho. Kabla ya jioni Kibano alikuwa ameshachomeka kibao kwenye chungu, kimeandikwa kwa wino mwekundu: USING'OE GUGU HILI. Nimetembea vituo vingi vya kilimo, sijapata kuona amri ya namna hiyo.

Lakini mazoea yana taabu. Siku ya tatu, gugu likiwa limefika urefu wa kucha, nilimwona Kibano mwenyewe akiweka sawa chungu kile huku akizungumza nami habari za mafua. Mdomo wake ulikuwa kwenye mafua, ila mkono wake wa kulia ulikuwa safarini. Ule mkono, uliopigwa vikofi na mama yake tangu utoto kwa kila gugu lililoachwa nyuma, ulishuka polepole, vidole viwili vikajikusanya, vikalizunguka shina. Nikapiga kelele. Akashtuka, akautazama mkono wake kama anautazama kwa mara ya kwanza, kisha akauchapa kofi.

“Huu mkono utaniangamiza,” akasema. Tangu hapo akawa akiingia bandani mkono wa kulia umo mfukoni.

Ikafika siku ya ukaguzi. Mama yake alikuja kwa gari la asubuhi, amevaa viatu vya kutokea, kwa maana alitaka kusikia hukumu ya kunde zake kwa masikio yake. Binti akamwonyesha gugu, lililokuwa sasa limefika urefu wa kidole na kutoa kiua kidogo kimoja. Bibi akaliangalia. Likamwangalia. Miaka yote ya taabu yake ilikuwa imesimama pale kwenye chungu, inapepewa.

“Na hili,” bibi akauliza taratibu, “ndilo mnalolimwagilia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Kwa maji masafi?”

“Mama, nakuomba. Shika hii keni. Ishike kwa mikono yote miwili, usiiachie mpaka nikwambie.”

Bibi akaishika keni, akaikumbatia kifuani, vidole vikabadilika rangi kwa kukaza. “Fanyeni haraka,” akasema. “Mimi ni mtu mzima, sina nguvu za kuvumilia hivi.”

Ndipo Mkuu alipoingia. Fagio alisimama mlangoni, mikono ameikunja kwapani. Kibano mkono mfukoni. Mama na keni yake. Mimi pembeni na kamba yangu ya kupimia. Hapakuwa na mkono huru bandani isipokuwa wa Mkuu, na hapo ndipo tulipokosea sote, kwa kuwa hatukuufikiria.

Mkuu akapita chungu hadi chungu, taratibu, akikwaruza udongo wa kunde za Mama kwa kidole, akizunguka mashina yake. Safi. Safi. Safi tena. “Vizuri,” akanena, “lakini safi peke yake haitoshi. Nionyeshe adui.” Kibano akamfikisha kwenye chungu cha mwisho, akaunyoosha mkono wa kushoto kwa heshima kubwa.

Mkuu akavaa miwani ya kusomea, akainama. Akakisoma kibao. Akatikisa kichwa kuridhika. “Ndilo lenyewe,” akasema. “Nililijua tangu utotoni, kwetu lilitumaliza. Tulikuwa tunaamshwa kabla ya shule, mimi na ndugu zangu, kila mtu na mstari wake, na ole wako marehemu bibi apite nyuma yako alikute hata…”

Na akiwa anasema hivyo, sauti yake ikiwa laini kuliko tulivyowahi kuisikia, mkono wake ukashuka, vidole viwili vikalishika gugu chini kabisa, vikalizungusha kidogo, na vikaling'oa.

Enyi wasikilizaji, limeng'olewa! Fagio alifumba macho. Keni ya Mama ilitoa mlio, maana ilikuwa imebonyea. Nilimtazama Kibano, nikajua kwamba anaiona miti ya kuni imepandwa kwa mistari. Na mimi, ambaye meza ilikuwa imeniangukia mikononi, sikuitaka hata kidogo.

Mkuu aliutazama mkono wake. Akalitazama gugu, limelala kwenye kiganja chake na mizizi yake yote, na kwenye mizizi ile kipande cha mzizi wa Mnyonge bado kimekabwa, hakijaachiwa hata kifoni. Akavua miwani. Aibu ikamshika hadi masikioni.

Aliyesema wa kwanza ni Mama. “Umeng'oa vizuri, mwanangu,” akasema kwa upole. “Umetoa na mzizi. Waliokulea walikulea.”

Jasiri haachi asili. Mkuu akacheka, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka akashika meza. Halafu akasimama wima, akalinyanyua gugu juu ya kichwa chake, akanena kwa sauti ya kufikia stoo:

“Nilisema nataka kuliona limesimama. Limeonekana. Na kama kuna mtu, hapa au makao makuu, atakayeuliza kama kweli gugu liliota kwa Mnyonge, mwambieni aje aniulize mimi. Wengine ni mashahidi wa macho. Mimi nililishika. Kunde za Mama zimesimama safi penye adui aliyekuwa hai, na aliyemuua adui huyo ni mkono huu usio na adabu. Zitakwenda shambani msimu ujao. Na shamba la kwanza litakuwa lile lenye gugu kuliko yote.”

“Hilo ni la kwangu,” Mama akasema upesi, kabla mwingine hajalidai.

“Basi ni lako, Mama.”

Bibi akaiweka keni chini. Mikono ilikuwa imeganda kwa kukaza, na binti yake akaichukua, akaikanda kidole kimoja kimoja, wote wawili wakilia bila aibu. “Basi miti ya kuni sitaki tena,” Mama akasema. “Nani alisema mimi nataka kupumzika?” Fagio, aliyeshika kiapo chake hadi mwisho, akapewa heshima ya kulichukua gugu hadi kwenye shimo la taka na kulichoma, akalibeba kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, na tulimsikia akiliambia maneno ambayo mwandishi wa tarikhi hapaswi kuyaandika.

Siku chache baadaye, mimi na Kibano tulipofungua banda asubuhi, tulikuta ajabu ya mwisho. Vyungu vyote vya Mnyonge vilikuwa vimetoa magugu: moja hapa, matatu pale, kundi zima kwenye chungu cha kati, yameinua vichwa kana kwamba yalikuwa yakingoja wageni waondoke. Kwenye vyungu vya Mama, hakuna hata moja. Kibano akayahesabu chungu kwa chungu. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akamweleza: yote, Mama, kila chungu cha Mnyonge, na kwako hakuna.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Niliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, kali, wazi, ya mtu aliyesimama tayari kwenye mstari wake akiwangoja wengine.

“Nimesikia. Sasa unangoja nini? Ng'oa!”

Basi Kibano, mpasua vikonyo, mshenga wa kunde, mshindi wa vita visivyo na ngoma, akautoa mkono wake wa kulia mfukoni, mkono uliofungwa msimu mzima, akainama juu ya Mnyonge, na akaanza.